Barua kwa mwanangu: kabla ya makato au baada?

Binti yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku Machame hatujambo. Mvua imechelewa kidogo, lakini migomba bado imesimama. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya tatu nikamsomea mama yako. Umeuliza fungu la kumi utoe kabla ya makato au baada. Umeuliza pia kuhusu ile bahasha ya laki mbili uliyoikuta ndani ya shajara ya mwaka mpya, kutoka kwa yule anayeiuzia ofisi yenu karatasi na wino. Unasema zabuni ilishapita, hukumpendelea, naye amekwambia ni asante tu. Kisha ukamalizia: "Baba, hivi kila kitu mpaka nipime kama ni dhambi?" Hapo ndipo niliposhika kalamu.

Nianze na makato, maana nimekuwa mhazini wa usharika miaka tisa. Kodi unakatwa kabla hujaiona fedha yenyewe. Anayesema hiyo haihesabiki sitabishana naye. Ya NSSF ni akiba yako, basi siku ya mafao uikumbuke. Lakini ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, mwanangu, usiiite makato. Hicho ni chakula cha chuo, pale Mlimani, ulichokwisha kula, sasa unalipia sahani.

Hilo ni jibu la mhazini. Baba yako anajua kwamba Paulo, alipowaandikia Wakorintho habari za kutoa, hakuwatajia asilimia. Alisema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Na wale Mafarisayo waliopiga hesabu ya fungu la kumi mpaka la mnanaa, bizari na jira, Yesu hakuwakataza kuhesabu, ila aliwaambia wameacha rehema nyuma. Mwezi ambao mdogo wako amekosa ada, mlipie kwanza. Yesu aliwakemea pia waliosema "korbani", yaani mali hii nimemtolea Mungu, huku wazazi wao wakikosa msaada. (Hapo sitafuti hela ya sukari.)

Unaukumbuka mnada wa sadaka baada ya ibada, pale nje? Yai moja nimeliona likinunuliwa mara nne na kurudishwa mezani mara nne, watu wanacheka, bei inapanda, na mama aliyelileta amesimama pembeni kajifunika khanga mdomoni. Hakuna aliyeniuliza siku ile kama ni kabla ya makato.

Sasa nikwambie jambo ambalo hujawahi kulisikia kwangu. Mama yako analijua.

Nilipokuwa na miaka 24 nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa. Watu wanaleta kahawa yao kavu, unapima, unaandika kitabuni, unawapa stakabadhi. Mizani ikisoma kilo 31 na nusu, mimi niliandika 31. Nusu nusu za msimu mzima ukizijumlisha ni magunia, na magunia hayo yalikuwa na jina la rafiki yangu. Wengi niliowapunja walikuwa kina mama wasiojua kuisoma ile mizani.

Mwenyekiti wa chama, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, akagundua. Aliniita nyumbani kwake usiku. Kitabu kilikuwa wazi mezani, na pembeni karatasi aliyopigia hesabu mwenyewe, mkulima mmoja mmoja. Nilikuwa nasubiri aseme polisi. Akasema ameuza mtamba wake, kila mtu atapewa pungufu lake, na mimi kesho saa mbili asubuhi niwe kwenye mizani. Hakuniapisha. Hakunipa sharti. Baadaye nilipotaka kumlipa ule mtamba alikataa, akaanza kuzungumzia mbuzi wake.

Kesho yake niliigeuza mizani itazame foleni, nikawa namwita mwenye mzigo, au mtoto wake anayesoma shule, ataje namba kwa sauti. Hakuna aliyeniagiza, na foleni ikawa ndefu mpaka wengine wakanung'unika. Nilikaa pale miaka kumi na mmoja mingine, na sikumbuki siku niliyojiuliza kama nusu kilo ni dhambi ndogo au kubwa. Swali lenyewe lilikuwa limekufa.

Ndipo nilipomwelewa Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri. Torati ilimtaka aliyemdhulumu mwenzake arudishe mali na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo akasema mara nne, na nusu ya mali yake wapewe maskini, wakati Yesu alichokuwa amemwambia ni kwamba leo atashinda nyumbani kwake. Na yule mwanamke mwenye dhambi katika Luka 7, aliyeilowesha miguu ya Yesu kwa machozi na kuipaka marhamu, wapo wanaomsoma wakidhani alipenda sana ndipo akasamehewa. Soma mfano ulio katikati. Wadeni wawili, mmoja dinari 500, mwingine 50, na dinari ndiyo ujira wa kibarua wa siku moja, kwa hiyo yule wa kwanza alidaiwa kazi ya zaidi ya mwaka mzima. Wote wawili hawana cha kulipa, wote wanasamehewa, kisha ndipo linakuja swali la nani atapenda zaidi. Deni linafutwa kwanza. Machozi na marhamu vinakuja nyuma yake. Simoni, yule Mfarisayo mwenye nyumba aliyemwalika Yesu, alikuwa mtu wa kupima, alimpima hata Yesu kama kweli ni nabii, na maji ya kunawa miguu akasahau kumpa mgeni.

Kwa hiyo kuhusu ile bahasha: irudi. Asante ziko mbili na sura zake zinafanana. Moja inatazama nyuma, kwa kitu ulichokwisha kupewa. Nyingine inatazama zabuni ijayo. Mwakani mwenzake akija na bei iliyo chini kidogo, utazisoma zile karatasi mbili kwa jicho lile lile? Sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 ina lake la kusema, na wewe mhasibu unaijua kuliko mimi. Ila sitaki urudishe kwa kuiogopa TAKUKURU, maana anayerudisha kwa woga, siku akihakikishiwa kwamba hakuna anayeona, atapokea.

Irudishe kwa mkono wako, wiki hii, bila hotuba na bila kumtajia mstari. Mwambie karatasi zake ni nzuri na anazileta kwa wakati, hilo linakutosha. Mkuu wako mwandikie mistari miwili ajue. Shajara, kama ofisi yenu inaruhusu, baki nayo.

Umesema wenzako watakuona mlokole anayejidai. Inawezekana. Mimi kwenye mizani waliniita jina ambalo sitaliandika hapa. Wala nisikudanganye kwamba moyo unawaka kila siku. Zilikuwepo asubuhi nyingi nilipowaita watu wasome mizani kwa mazoea tu, miguu inauma, namwaza Mungu kidogo sana. Siku kama hizo nilikuwa namkumbuka yule mtamba.

Yule mzee alishalala. Mjane wake bado yupo, masikio yamepungua lakini anakumbuka watu wote kwa majina ya baba zao. Kila mwisho wa msimu wa kahawa huwa napita kumsalimia, naye huwa hajui kwa nini hasa naenda. Desemba ukija nyumbani twende wote. Beba sukari kilo mbili na majani ya chai, ila usimwambie nimekueleza.

Baba yako