Jua likiwa mgongoni mwa bi harusi: kutoka filamu hadi dijitali

SWALI: Nimepiga picha za harusi hapa Nairobi kwa filamu ya negativu tangu 1989. Bi harusi akiwa na jua nyuma yake nilikuwa naongeza stopu mbili za mwanga (kila stopu ni mwanga mara dufu), na picha zinatoka safi. Mwaka huu nimenunua kamera ya dijitali. Jumamosi iliyopita pale Arboretum, ile bustani ya miti, nikafanya vilevile: uso umetoka vizuri, lakini shela imekuwa doa jeupe tupu na kwenye kompyuta hairudi. Nisipoongeza, uso unakuwa giza. Nifanyeje?

JIBU: Mzee wangu, zile stopu mbili zilikuwa sahihi kabisa kwa negativu. Filamu ile ukiizidishia mwanga huendelea kuwa nzito polepole, na nyuzi za shela hubaki ndani yake hadi fundi wa maabara azitoe wakati wa kuchapa. Kihisio cha dijitali kinafanana na debe chini ya mfereji: likishajaa, tone linalofuata linamwagika na halihesabiwi. Kama uliwahi kupiga filamu ya slaidi, utaitambua tabia hiyo.

Upande wa giza ndiko kwenye akiba yako sasa. Washa RAW, yaani faili ghafi la kihisio, kwenye menyu. Faili hilo, likipigwa kwa ISO (wepesi wa kupokea mwanga) ya 100 au 200, kwa kamera nyingi za siku hizi unaweza kuliinua stopu moja na nusu kwenye kompyuta, hata mbili, kabla chembechembe hazijasumbua. JPEG, picha ambayo kamera imeshaikamilisha yenyewe, haina akiba hiyo, na naona huruma kila ninapokuta harusi nzima imepigwa kwa JPEG pekee.

Sasa kazi yenyewe. Weka kamera kwenye M (unaamua mwanga mwenyewe) na kipimo cha doa (kinachopima sehemu ndogo tu), kisha usipime uso moja kwa moja. Mita ya mwanga haijui ngozi. Kila inachoelekezwa hutaka kukifanya kijivu cha wastani. Ukiilenga kwenye uso mweusi itaumwagia mwanga, upauke, na shela iungue zaidi. Wapigapicha wengi wanaolaumu kamera kwa kuharibu ngozi zetu wameangukia hapa. Pima kiganja chako mwenyewe, ukikielekeza kule uso unakotazama ili kiwe kwenye kivuli kilekile, halafu fungua stopu moja. Kiganja cha mtu mweusi na cha mtu mweupe havipishani sana, ndiyo maana hesabu hii inasimama.

Piga moja ya majaribio. Usiamini mwangaza wa skrini ukiwa juani. Washa onyo la maeneo yaliyoungua, yale yanayopepesa. Mbingu ikipepesa nyuma ya miti, iache. Shela ikipepesa, punguza theluthi mbili za stopu, upige tena, hadi itulie. Uso utaonekana umefifia kwenye skrini, nawe utauinua baadaye. Onyo hilo husomwa kutoka kwa JPEG ndogo ya kuangalizia, kwa hiyo RAW huwa na nafasi kidogo zaidi ya unayoonyeshwa. Usiile yote.

Ikibidi upunguze zaidi ya stopu mbili, acha kuhangaika na kamera na upeleke mwanga usoni. Shuka jeupe lililoshikwa na msimamizi wa harusi, mita moja na nusu hivi mbele ya bi harusi, linatosha mara nyingi. Mimi hulipenda kuliko flashi, kwa sababu yeye mwenyewe anaona mwanga ulipo na anageuka kuufuata. Na ukiweza, msogeze hadi nyuma yake kuwe na miti badala ya mbingu. Arboretum haina uhaba wa miti. Rudia kipimo kila baada ya dakika chache, maana jua letu huteremka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Kipimo cha saa kumi na moja hakifai saa kumi na moja na nusu.

Ukitumia flashi, kuna nafuu moja. Kamera nyingi za filamu zilikubali flashi hadi kasi ya sekunde 1/60 au 1/125 tu. Ya dijitali kwa kawaida inakubali 1/200. Jua kali kwa ISO 100 litahitaji tundu la lenzi la f/11 hapo, na flashi yenye namba ya nguvu (guide number) 40 itafika kama mita tatu na nusu. Ipunguze stopu moja ili uso usionekane umebandikwa.

Lakini ile flashi yako ya zamani usiipachike bado. Baadhi yake hutoa volti zaidi ya 200 kwenye mguu wake unaopachikwa kwenye kamera, na kamera ya dijitali inaweza kuungua saketi. Mpelekee fundi wa elektroniki aipime kwanza.