Kabla ya kuficha kisanduku ukingoni mwa Nile, onana na mzee wa bustani

Mara ya kwanza tulipoandaa mkutano wa jiokashi, mchezo wa kutafuta visanduku vilivyofichwa, hapa Jinja, kisanduku chetu hakikumaliza siku mbili. Nilikificha Alhamisi jioni kwenye mizizi ya mti, katika bustani moja kando ya mto. Jumamosi asubuhi wageni walipofika, kilikuwa mezani kwa askari mlinzi, kimefunguliwa, na mimi ndiye niliyekuwa naulizwa maswali. Saa mbili zilipotea kwa maelezo. Watoto walikaa kwenye nyasi wakisubiri, na familia moja iliyotoka Iganga ikarudi kwao kabla hatujaanza.

Askari yule simlaumu hata kidogo. Uganda haijasahau mabomu ya Kampala ya Julai 2010. Mkebe usio na mwenyewe, uliofungwa vizuri na kusukumwa chini ya mizizi, lazima umtie mtu hofu. Kosa lilikuwa langu: niliingia kwenye bustani ya watu bila kupiga hodi.

Kwa asiyeujua mchezo huu: mtu anaficha kisanduku chenye daftari, anatangaza tarakimu za mahali pake kwenye tovuti ya Geocaching.com, na wengine wanakuja na simu au kifaa cha GPS kukitafuta. Ukikipata unaandika jina lako na kukirudisha palepale. Ukichukua kitu kilichomo, unaacha kingine cha thamani hiyo au zaidi. Ulianza Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Tarehe 3 ya mwezi huo Dave Ulmer akaficha ndoo huko Oregon na kuwaita watu waitafute. Mkutano wenyewe unatangazwa kwenye tovuti wiki mbili kabla, si chini ya hapo, na shabaha yake ni watu kuonana. Visanduku ni nyongeza.

Safari ya pili nilianza na watu. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, nikamwonyesha mkebe wenyewe ukiwa wazi, na tukakubaliana siku na saa. Kisha wenye bustani, kisha askari wa zamu zote mbili, maana wa mchana akijua na wa usiku asijue, hujafanya kitu. Mwisho nikamfuata mzee anayefagia majani pale. Huyo ningemfuata wa kwanza.

Nilimwonyesha mahali nilipopapenda, kwenye kisiki karibu na njia. Akatikisa kichwa. "Hapo ndipo tunapochomea majani, mwanangu." Akanipeleka nyuma ya ukuta wa zamani wa mawe, penye tundu linaloingia mkono tu, juu ya usawa wa maji ya mvua. Akauliza ndani kuna nini. Nikamtajia: penseli, daftari, vidoli, peremende chache. Akasema peremende zitoke, kwa sababu tumbili wa pale wananusa kitu kitamu hata kikiwa kimefungwa. Baadaye nikasoma kwamba kanuni za mchezo nazo zinakataza chakula kisandukuni. Mzee alikuwa hajasoma kanuni yoyote.

Mkebe nao una mambo yake. Vikopo vya siagi vinaingiza maji. Tafuta wenye vishikizo pande zote nne na mpira kwenye kifuniko. Chagua unaoonyesha vilivyomo, andika nje kwa rangi isiyofutika kwamba ni mchezo, na weka namba ya simu ya kikundi. Penseli ni bora kuliko kalamu, kwa sababu wino unatapakaa daftari likipata unyevu. Daraja la hapa Jinja na bwawa la umeme vinalindwa: usiweke chochote karibu navyo, na usichimbe ardhi popote.

Sasa tarakimu. Simu yangu ikiwa mahali peupe inakosea mita tatu hadi tano. Chini ya miti mikubwa inayumba zaidi. Iache simu juu ya kisanduku dakika chache, andika inachosema, ondoka hatua hamsini, rudi kutoka upande mwingine, andika tena. Rudia siku nyingine, halafu chukua wastani. Na hapa Uganda, tafadhali sana, angalia herufi ya mwanzo: N ni kaskazini mwa ikweta, S ni kusini. Mgeni wetu mmoja wa Masaka alizoea kuandika S, kwa sababu kwao ni kusini mwa ikweta. Jinja iko N 0° 25'. Alipoandika S, mshale ukamwelekeza katikati ya Ziwa Victoria, kilomita tisini na zaidi kutoka tuliposimama. Alizunguka nusu saa akidhani simu imeharibika. Tangu hapo N naiandika kubwa na kuitamka kwa sauti mbele ya wote.

Kanuni inataka visanduku vya kudumu vitengane mita 161, kwa hiyo bustani ndogo inabeba viwili, vitatu kwa shida. Kwa watoto tuliweka vya siku moja, tukaviondoa jioni. Kimoja kilipatikana kwa kujibu swali: bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka gani? Jibu, 1954, ndilo lililotoa tarakimu za mwisho. Vijana walikimbilia simu, mtandao ukawasumbua. Mabinti wawili wadogo wakaenda kwa wazee waliokaa chini ya mwembe, wakapewa mwaka, na juu yake hadithi ya maporomoko ya Ripon, yale aliyoyaona mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1862 na ambayo maji ya bwawa yaliyafunika. Walirudi wamechelewa kwa sababu hadithi ilikuwa ndefu. Niliwapa zawadi zote mbili.

Kisanduku chochote kisimlazimishe mtu kukanyaga maji. Ukingoni penye majani na maji yaliyotulia ndipo wanapokaa konokono wa kichocho, na vijidudu vyake vinapenya ngozi bila wewe kuhisi. Tuliweka watu wazima wawili upande wa mto muda wote, kazi yao ikiwa hiyo tu.

Kuokota taka ni desturi ya mchezo huu duniani kote, nasi tulijaza magunia kwa chupa na kaveera, yaani mifuko ya plastiki. Ila panga mapema gari la kuyabeba. Sisi tuliyaacha getini Jumamosi tukitegemea yatachukuliwa. Jumatatu mzee akanipigia kwamba kaloli, wale korongo wakubwa wala taka, wameyapasua na taka zimerudi mpaka majini. Nilikwenda nikaokota naye, tangu saa moja asubuhi hadi saa tano. Siku hizi natafuta pikapu kabla hata ya kutangaza mkutano, na ada yake inatoka kwenye mchango wa chai.

Kisanduku cha ukutani kipo bado. Mzee anakifungua kila mwanzo wa mwezi, anakausha daftari juani kama limelowa, anaandika tarehe na maneno mawili: "Kiko salama." Penseli imebaki kipande cha kidole. Jumamosi nampelekea mbili, moja ya kisanduku na moja yake.