Pemba hadi Unguja kwa ndege: dakika 20 za dalali

SWALI: Mimi niko Wete. Mama yangu anakwenda Muscat. Dalali amemkatia tiketi mbili mbalimbali: ya kwanza inaondoka Pemba saa 7:40 mchana, ya pili inaondoka Unguja saa 9:20. Anasema ni dakika 20 tu angani, muda upo wa kutosha. Programu moja ya simu inaniambia ni kilomita 126, nyingine inasema zaidi ya 750. Nimwamini nani?

JIBU: Hiyo ya 750 imekupeleka Pemba ya Msumbiji. Kiwanja cha huko kina alama ya POL, chetu ni PMA. Itazame alama hiyo kwenye tiketi kabla hujalipa, maana wapo waliokwisha kukosea.

Kilomita 126 ni sahihi, nazo ni kama maili 68 za baharini. Tatizo ni dalali wako, kachukua masafa kayagawa kwa mwendo wa ndege, basi. Hesabu hii naisikia kila msimu, na inanichosha. Kwanza, hata kugawa kwenyewe hakujampa 20. Ndege ndogo ya pangaboi moja ikienda noti 160, yaani maili 160 za baharini kwa saa, inamaliza maili 68 kwa dakika 25 hivi, tena pasipo upepo. Kutoka Pemba unaelekea kusini-magharibi. Msimu wa kusi upepo ukikukabili kwa noti 20, zinakuwa dakika 29. Kaskazi ndiyo inayokusukuma. Na ndege haianzi na mwendo huo: inapanda polepole, na ikifika Kisauni, kwenye kiwanja cha Unguja, inaweza kuambiwa izunguke ipishe kubwa inayotua. Nyingine hupitia Tanga kwanza, na abiria hujua akiwa keshakaa kitini.

Tuseme basi kila kitu kimekwenda vyema, mama katua saa 8:10. Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka, yaani 8:20. Ana dakika kumi. Ndani ya hizo ashuke, asubiri begi lake, atoke jengo la safari za ndani, aende Jengo la Tatu la safari za nje, apange foleni. Mzee, na begi la magurudumu! Mvua ya masika ikichelewesha ndege Pemba kwa robo saa tu, Muscat imekwenda.

Hapo ndipo dalali anaponyamaza. Tiketi mbili mbalimbali ni mikataba miwili. Shirika la pili halina habari na la kwanza, na likikuandika hukutokea, mara nyingi nauli imepotea. Uzito nao: ndege ndogo nyingi zinaruhusu kilo 15, ya Muscat inaruhusu zaidi, kwa hiyo mama akifungasha kwa kipimo cha Muscat atalipishwa Pemba.

Mbadilishie apande ya asubuhi. Kama hakuna nafasi, avuke siku moja kabla alale kwa jamaa. Na wengine mnaosoma, anayewauzia safari ya kuunganisha mwambieni awaoneshe buking moja yenye safari zote mbili. Kama hana, muulizeni nani atalipa ya pili ikikosekana, na jibu alitie kwenye maandishi.