Kisima kimekauka na ziwa unaliona

Ndugu yangu, unauliza kisima cha futi 30 kinakaukaje huko mlimani Igogo wakati ziwa unaliona dirishani. Ziwa halijapita chini ya nyumba yako! Mwamba wetu Mwanza ni itale (graniti). Maji hayakai ndani ya jiwe zima, yanajificha kwenye nyufa na kwenye changarawe ya mwamba uliooza. Na maji ya ardhini si haba: katika maji baridi yote duniani, karibu asilimia 69 ni barafu, 30 yako chini ya ardhi. Maziwa na mito, Victoria humohumo, hayafiki asilimia 1. Usichimbe zaidi kwa kubahatisha. Lete mpimaji wa maji ya ardhini mwenye vifaa (wale wanaotafuta maji kwa kijiti waache). Akikwambia uchimbe bondeni, kubali, ila mbali na vyoo vya majirani.