Rashasha za zamani za Katanga: soma chuma kwanza, risasi baadaye

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya jeshini ilipita kwenye karakana ya silaha hapa Lubumbashi. Nimestaafu, lakini simu hazijakoma. Mara ni kijana wa matofali, mara mnunuzi wa mitraye, yaani vyuma chakavu, mara askari wa siku hizi aliyekuta kitu asichokijua nyuma ya ghala. Swali lao ni moja: "Papa, tumepata bunduki ya ajabu, haifanani na AK. Tuijaribu?"

Jibu langu ni hapana. Sababu nimekuwa nikiwaeleza mmoja mmoja kwa simu. Leo naziandika ili ziwafikie wengi.

Kwanza mjue kwa nini udongo wetu unazo. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, alitangaza kujitenga na Kongo, na jandarmeri yake, yaani jeshi lake, ikabeba silaha za Kibelgiji: bunduki za FAL, na rashasha fupi ya Vigneron ambayo jeshi la Ubelgiji liliipokea mwaka 1953. Halafu wakaja askari wa Umoja wa Mataifa, kila taifa na zake. Waswidi na Waairishi walikuja na Carl Gustaf m/45, rashasha fupi ya Kiswidi. Waairishi walikuwa pia na bunduki za mashine: Bren, na Vickers zile nzito zinazopozwa kwa maji. Mwezi Septemba 1961 kikosi cha Waairishi kilizingirwa Jadotville, yaani Likasi ya leo, wakapigana mpaka maji na risasi vikawaishia, wakajisalimisha. Silaha zao zilibaki mikononi mwa Wakatanga. Hapa mjini, Elisabethville ya wakati ule, mapigano yalirudi Desemba mwaka huo huo. Januari 1963 utengano ukafa. Jandarmu wengine wakavuka kwenda Angola, wengine wakarudi vijijini, na si kila bunduki iliyorudishwa ghalani. Tena Mei 1978 wanajeshi wa Legion ya Ufaransa walishuka kwa parachuti Kolwezi wakiwa na MAT-49, rashasha fupi ya Kifaransa.

Kwa hiyo mtu anayekata kichuguu kutafuta udongo wa matofali anaweza kukutana na kitu ambacho makumbusho ya Ulaya wangekitazama kwa hamu. Nami nakiri wazi, nazipenda. Vigneron ina mtutu mrefu kuliko rashasha nyingi za rika lake, sehemu yake ya nyuma imechongwa mapezi ya kupoza joto, na kitako chake ni cha waya, kinasukumwa ndani na kuvutwa nje. Carl Gustaf ni bomba, springi na kipande kizito cha chuma, basi. Haina hata swichi ya kuchagua risasi moja moja. Aliyeichora alijua aondoe nini. Ukiifungua mezani unaona akili ya mtu, na ndiyo maana huniuma kusikia nyingine imekatwa kwa shalumo, ule moto wa gesi wa kukatia chuma, ikauzwa kwa kilo.

Tuingie kwenye hatari yenyewe. AK mnayoizoea hufunga risasi ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kisha nyundo inapiga pini. Rashasha hizi ninazozitaja, Vigneron, Carl Gustaf, MAT-49, hazifanyi hivyo. Kulasi, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma, hukaa nyuma kimeshikwa na jino dogo tu. Ukivuta kifyatulio, jino linaachia, kulasi inaruka mbele, inasukuma risasi kutoka kwenye magazini na kuipiga kwa mwendo huo huo mmoja. Kwa Carl Gustaf, na kwa nyingi za aina hii, pini imechongwa juu ya uso wa kulasi yenyewe, haitembei peke yake.

Sasa fikirini bunduki kama hiyo imelala ardhini miaka sitini, magazini imo, springi imelegea. Kulasi iko mbele, mnadhani imelala. Kijana anaiokota, inamponyoka, inaangukia kitako. Uzito wa kulasi unairudisha nyuma kidogo, haifiki kwenye jino la kuishika, lakini inapita nyuma ya risasi. Inarudi mbele na risasi hiyo. Inalia, na hakuna kidole kilichogusa kifyatulio. Vigneron na MAT-49 zimewekewa kizuizi kwenye mshikio ili jambo hilo lisitokee, lakini kizuizi kilicholiwa na kutu hakizuii kitu.

Hatari ya pili ni risasi zenyewe. Baruti iliyonyonya unyevu inawaka nusu. Tokeo la kwanza: risasi inakwama katikati ya mtutu. Kwa bunduki ya kawaida unasikia mlio dhaifu, unasimama. Rashasha inayopiga mia sita kwa dakika inatoa kumi kwa sekunde. Kabla sikio halijaambia kidole, ya pili imeshaigonga ya kwanza kutoka nyuma, na mtutu unavimba au unapasuka karibu na mkono wa kushoto. Tokeo la pili watu wengi hawalijui: nguvu ya baruti inatosha kurudisha kulasi mpaka ichukue risasi nyingine, ila haitoshi kuifikisha kwenye jino. Unaachia kifyatulio, bunduki inaendelea. Nimeshuhudia jambo hili uwanjani. Aliyeishika alikuwa askari mzoefu, akaukaza mtutu kwenye tuta la udongo mpaka magazini ikaisha. Mtu asiyefundishwa hugeuka kuwatazama wenzake ili wamsaidie, na mtutu unageuka naye.

Hatari ya tatu ni ya kwetu kabisa: dondora. Huyu mdudu anapenda tundu la ukubwa ule. Anajaza udongo ndani ya mtutu, unakauka kama saruji.

Karakana ilifanyaje basi, wakati ilipobidi kujaribu? Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika bila risasi. Tulihakikisha chemba ni tupu, kwa jicho na kwa kidole. Tulifungua kila kipande, tukapitisha taa ndani ya mtutu kutoka chemba mpaka mdomoni. Tulipima springi, tukatazama jino kama kingo zake ni kali au zimeviringika, kwa sababu jino lililoviringika huachia lenyewe. Tulinakili kila herufi, kila namba, kila mhuri. Nawaomba mafundi vijana mnaosoma hapa: msisugue kutu kwa msasa. Mafuta, brashi laini ya shaba, na subira. Namba ya Carl Gustaf inaweza kumsaidia mtafiti kujua iliingia nchini na kikosi gani. Ukiisugua ikafutika, kilichobaki ni bomba.

Risasi za kuokotwa pamoja na bunduki hatukuzitumia hata siku moja. Tulitumia mpya, za kipimo kilichothibitishwa, milimita 9 kwa hizi tatu. Bunduki ilifungwa kwenye fremu iliyolaliwa na mifuko ya mchanga, kamba ndefu kwenye kifyatulio, watu wote nyuma ya ukuta. Risasi moja tu ndani ya magazini. Baada yake tuliokota ganda na kulisoma: limevimba? limepasuka? fataki, kile kidoa cha kitako kinachopigwa na pini, imegongwa katikati au pembeni? Taa tena ndani ya mtutu. Kisha risasi mbili, kuona kama inasimama inapoachiwa. Kisha tatu. Nyingi ziliishia hapo, zikaandikwa kwenye daftari na kupelekwa ghalani. Ile furaha ya kumwaga magazini nzima niliiona kwa wageni wakubwa waliokuja kutazama, nami kila mara niliwaambia wakubwa wangu kwamba hatuongezi maarifa yoyote kwa kumwaga, tunaichosha tu silaha ambayo vipuri vyake havitengenezwi tena.

Jambo la msimu nalo: kati ya Agosti na Oktoba nyasi za Katanga ni kavu, na mtutu wa moto ukilazwa chini unatosha kuwasha uwanja.

Kwa raia sina maelekezo ya kujaribu, nina ya kutojaribu. Sheria ya silaha ya 1985 hairuhusu raia kumiliki silaha ya kivita, na kesi yake huenda mahakama ya kijeshi hata kama wewe ni mwalimu au muuza mkaa. Kwa hiyo usiibebe ndani ya gunia juu ya pikipiki ukaenda nayo kituoni. Ukisimamishwa njiani, gunia ndilo litakalozungumza badala yako. Wanunuzi wa mitraye, msikubali mzigo wenye mtutu ndani, na msiweke moto juu ya chuma msichokijua: risasi iliyobaki kwenye chemba haihitaji kifyatulio, joto linaitosha.

Acha kitu kilivyolala. Ondoa watu, hasa watoto. Piga picha ukiwa mbali kama una simu. Nenda kwa mkuu wa mtaa ukiwa na shahidi mmoja au wawili, na pamoja naye mwende polisi au kwa jeshi. Dai iandikwe PV, yaani hati rasmi ya taarifa, yenye jina lako kama mtoa taarifa, mahali, saa, na picha ile. Omba nakala, wakikataa, nakili namba ya PV na jina la aliyeiandika.

Na mtakaporudi kuwaonyesha wataalamu, piteni njia ile ile mliyotokea nayo. Aliyezika bunduki mwaka 1963 huenda alizika na guruneti zake, na guruneti halikai lazima shimo moja na bunduki.