Shangazi, nimefunga na kuomba, mbona sioni kusudi langu?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, nimeokoka tangu nikiwa sekondari. Nimeajiriwa kama mhasibu. Kazi siichukii, ila kila nikifunga hesabu za mwezi najiuliza kama ni hiki tu Mungu alichoniumbia. Kila Januari nafunga siku 21 nikimwomba anioneshe kusudi la maisha yangu. Wenzangu wanasimama kutoa ushuhuda: huyu kaitwa kwenye uimbaji, yule kaanzisha huduma ya vijana. Mimi kimya. Jeremia 29:11 nimeibandika ukutani, naisoma kila asubuhi, na siku hizi naisoma kwa uchungu. Tangu dada yangu afariki miaka miwili iliyopita (mwanawe wa miaka tisa naishi naye mimi) hata usingizi sipati vizuri.*

*Mwezi jana mtumishi mmoja mgeni aliniambia nina wito wa kuhudumia mataifa, na kwamba kazi yangu ndiyo inayofunga mlango. Anataka niache kazi, na nipande mbegu ya mshahara wa mwezi mmoja. Anasubiri jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Je, nimeshapitwa na kusudi la Mungu?*

*Niliyechelewa*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile lenye tarehe. Kazi usiache, na mshahara wako usimpe mtu. Sababu nitakupa huko mbele, lakini hilo lishike kwanza, lisije likakupita ukiwa bado unasoma maneno yangu mengine.

Sasa twende ukutani kwako. Mstari ule umeusoma mara nyingi mno ukiwa peke yake. Jeremia aliuandika katikati ya barua aliyoituma kutoka Yerusalemu kwenda kwa Wayahudi waliokuwa wamechukuliwa mateka Babeli. Hawa walikuwa watu waliong'olewa kwao, na kila mmoja alitaka kujua jambo moja tu: tunarudi lini? Sura ya 28 utamkuta nabii Hanania akitangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi mahali pake. Habari tamu kweli. Jeremia naye akasema miaka sabini. Iko mstari wa 10, hapo hapo juu ya ule uliobandika. Piga hesabu, wewe ni mhasibu: wengi waliosomewa barua ile walikuwa wanaambiwa kwamba watazikwa ugenini.

Na katika miaka yote hiyo waliagizwa wafanye nini? Soma kuanzia mstari wa 5. Jengeni nyumba mkae ndani yake. Pandeni bustani mle matunda yake. Oeni, ozesheni, zaeni. Utakieni amani mji ule mliopelekwa, mkauombee kwa Bwana. Hakuna aliyepewa ramani yake binafsi. Walipewa maisha ya kawaida, mahali wasipopapenda, pamoja na ahadi kwamba Mungu hajawasahau. "Mawazo ya amani wala si ya mabaya" yaliambiwa watu hao, wakiwa na jembe mkononi, na wala hawakutakiwa kwanza kugundua siri fulani ndipo ahadi iwahusu. Usiubandue mstari ule. Uongezee tu ile iliyoutangulia, uisome yote pamoja.

Nalisema hili kwa sababu naona mzigo uliobeba. Umefundishwa, pengine na watu wenye nia njema, kwamba Mungu ameficha jambo moja mahususi juu yako, na wewe ukikosea kulipata umeharibu maisha. Mimi Mungu wa namna hiyo simwoni katika Maandiko. Namwona Mungu ambaye mapenzi yake sehemu kubwa ameyaweka wazi hadi yanatuchosha. Mika 6:8: kutenda haki, kupenda rehema, kwenda kwa unyenyekevu na Mungu wako. Paulo anawaandikia Wathesalonike waziwazi kwamba mapenzi ya Mungu kwao ni kutakaswa, kisha sura inayofuata anaongeza kushukuru kwa kila jambo. Tunayaruka haya kwa sababu hayana majina yetu juu yake. Tunataka lile la pekee, la kusimulia kwenye ushuhuda. Hata Katekisimu Fupi ya Westminster, iliyokamilishwa mwaka 1647 na ambayo Wapresbiteri wengi wameikariri tangu utotoni, swali lake la kwanza kabisa ndilo lako: kusudi kuu la mwanadamu ni nini? Jibu lake ni kumtukuza Mungu na kumfurahia milele. Kazi haikutajwa, wala huduma, wala jukwaa. Mhasibu anaweza, na yatima wa miaka tisa pia anaweza.

Na hapo ndipo barua yako iliponishika. Mtoto wa dada yako umemtia kwenye mabano.

Umeandika mengi kuhusu mfungo wa Januari, kuhusu ushuhuda wa wenzako, kuhusu mgeni na mataifa yake. Lakini mtoto aliyempoteza mama, ambaye kila asubuhi wewe ndiye unayemwamsha na kumtafutia soksi, amepata nusu sentensi. Yakobo alipotaka kusema dini safi isiyo na taka ni ipi, alitaja kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Hilo alilitaja kwanza. Huna haja ya kumngoja mtu akuwekee mikono kwa ajili hiyo, tayari unafanya. Sisemi kwamba maisha yako yote yameishia kwenye kulea, wala kwamba ukiwa na ndoto nyingine unamkosea mtoto. Nasema tu kwamba mtu anayesema Mungu hajampa lolote la kufanya, huku kuna mtoto anayelala salama kwa sababu yake, hajaangalia vizuri.

Halafu kuna dada yako mwenyewe. Miaka miwili, usingizi hauji, Neno linasomwa kwa uchungu. Mwanangu, huenda sehemu ya unachokiita kukosa kusudi ni msiba ambao hujaulia. Ulipofiwa ulipokea mtoto, ukaendelea na kazi, na Januari ukafunga kama kawaida. Ulilia lini? Mkumbuke Elia. Alikimbia jangwani, akaketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu amtoe uhai wake. Mungu hakumpa maono palepale, wala hakumkemea kwa imani haba. Malaika alimpa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Maagizo ya kazi mpya yalikuja baadaye sana, mwisho wa safari ya siku arobaini. Kwa hiyo Januari ijayo usifunge. Ndiyo, nimesema usifunge, na wakikuuliza waambie Shangazi kakataza. Kula, lala, mzungumzie dada yako kwa watu waliomjua, na mwache mtoto naye amzungumzie mama yake. Usingizi ukiendelea kukataa, au ukianza kuona maisha hayana maana ya kuendelea nayo, nenda kwa daktari au mshauri nasaha mapema, bila aibu. Kutibiwa si kupungukiwa imani.

Turudi kwa mtumishi wako. Sitamwita mwongo, sijamsikia. Ila tunacho kipimo. Matendo 13, kule Antiokia, Barnaba na Sauli waliitwa kwa kazi ya mataifa hasa, hiyo hiyo anayokutajia wewe. Tazama ilivyokuwa. Walikuwa katikati ya watu waliowajua, manabii na waalimu watano wanatajwa kwa majina, wote wakifanya ibada na kufunga. Wawili hao walikuwa wamekwisha kufundisha pale mwaka mzima. Kila mtu alishaona matunda yao. Kanisa likafunga tena, likaomba, likawawekea mikono, likawaacha waende. Sioni tarehe ya mwisho ya kujibu. Sioni mgeni wa siku moja akimtenga mmoja pembeni. Na hakuna aliyedaiwa kitu. Fedha ilipotajwa sura chache nyuma, sura ya 8, ilikuwa mikononi mwa Simoni mchawi aliyetaka kununua uwezo wa kiroho, na Petro alimjibu vikali kwamba fedha yake ipotelee mbali pamoja naye, kwa kudhani karama ya Mungu hupatikana kwa mali. Mimi sina la kuongeza kwa Petro.

Kuhusu ofisi kuwa kizuizi, wahenga walishaonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Watoza ushuru na askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakauliza, "Tufanye nini?" Kama kuna kazi zilizokuwa na harufu mbaya wakati ule ni hizo mbili. Hakuwaambia waache. Aliwaambia wasitoze kupita kiasi, wasidhulumu, watosheke na mshahara wao. Danieli naye, ambaye mfungo wako wa siku 21 umetoka kwake, aliwahi kuona maono yaliyomwangusha kitandani siku kadhaa, kisha, sura ya 8 inasema, akaondoka akazifanya shughuli za mfalme. Maono makubwa namna ile, na alipopata nguvu ni kurudi kazini!

Mwaka 1785 mbunge mmoja kijana wa Uingereza, William Wilberforce, alikuwa ameokoka upya na akaona siasa haimfai tena mtu wa Mungu. Akaenda kwa siri kumwona mchungaji John Newton, aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa. Newton angeweza kumwambia aache bunge ajiunge na utumishi, na lingekuwa jambo la kujivunia. Alimwambia abaki pale pale. Alibaki, na mwaka 1807 bunge lile lile likapiga marufuku biashara ya watumwa, baada ya yeye kushindwa kura mara nyingi. Sikuambii kwamba nawe utapindua nchi. Lakini mahali panapopita fedha za watu panahitaji mtu anayemcha Mungu, na wewe ndiye uliyeketi hapo. Umewahi kukataa kutia sahihi hesabu isiyo ya kweli? Umewahi kumtetea mlinzi aliyekatwa mshahara kimakosa? Kama jibu ni ndiyo, na nadhani ni ndiyo, basi mambo hayo nayo uyahesabu.

Je, huenda kweli una wito mwingine? Inawezekana kabisa, na sitaki kukufungia mlango. Kama upo, utaonekana kwa kutenda. Chagua jambo moja dogo kanisani kwenu ambalo linakuvuta hata usipoonekana: kufundisha shule ya Jumapili, kutembelea wagonjwa, kuweka sawa vitabu vya mweka hazina ambaye pengine analia kimya kimya. Lifanye kwa mwaka mmoja. Kisha waulize watu wawili au watatu waliokomaa, wanaokujua na wasiotafuta faida yoyote kutoka kwako, wanaona nini kikizaa ndani yako. Lipo pia jibu ambalo hatupendi kulisikia. Yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyetolewa pepo aliomba aende na Yesu. Ombi zuri kuliko hilo lipi? Yesu akakataa: "Enenda zako nyumbani kwako, kwa watu wa kwenu." Alitumwa kwao, na hakuwa amekataliwa.

Umejiita Niliyechelewa. Musa alikuwa na miaka themanini aliposimama mbele ya Farao, na arobaini kabla yake aliimaliza ugenini. Wewe una 36.

Mtumishi usimjibu ana kwa ana, wala usikubali kikao cha maombi cha watu wawili. Mwandikie ujumbe mfupi: "Nashukuru kwa maombi yako. Neno ulilonipa nimelifikisha kwa mchungaji wangu na wazee, nao wataliombea pamoja nami. Kuacha kazi na kutoa mshahara sitafanya." Kabla ya kuutuma, kweli umwone mchungaji wako, maana huenda si wewe peke yako uliyeombwa mbegu hiyo. Mtumishi yule akikujibu kwa vitisho vya laana, usijadiliane naye. Hifadhi ujumbe wake umwoneshe mchungaji huyo huyo, kisha uende ukamsaidie mtoto masomo ya jioni.

Shangazi