Dogo, usichambue muvi ya DJ, mimi ilinitoa watu 34

Dogo futa huo mpango leo leo. Unataka kuanza kuchambua muvi, umeuliza ununue simu gani, uanze na muvi za nchi gani, sijui logo, mimi macho yamenasa pale uliposema bando ghali kwa hiyo utakuwa unachukua zilizotafsiriwa na DJ, yule anayeongea Kiswahili chake juu ya sauti ya muvi, halafu unazichambua, na ya kwanza ni ya Kikorea unaipandisha Ijumaa. Hapo hapo ndipo nilipozama.

2025 hapa Mtwara nilikuwa na grupu la WhatsApp, watu 43, kila mtu 2,000 kwa mwezi, nawaandikia muvi mpya ipi watazame ipi waachane nayo. Mwezi wa tatu ile katuni ya paka kutoka Latvia, Flow, ikabeba Oscar, grupu zima linaiulizia. Nikaenda library moja, kile kiduka cha kurushiwa muvi, karibu na stendi, jamaa ananiapia kabisa, "hii orijino kaka, imewekewa Kiswahili tu", akanirushia kwenye flashi. Usiku nikaitazama, paka yuko kwenye mashua anamchamba mbwa, anamtania yule mnyama kama panya buku mkubwa, nikaandika uchambuzi mrefu nasifia mazungumzo, mpaka nikanukuu.

Asubuhi binti mmoja anayesoma Dar akajibu mstari mmoja: "Kaka, mule ndani hakuna anayeongea."

Na kweli!! Karibu saa moja na nusu hakuna neno hata moja, ni maji yanapanda, upepo, na wanyama wanalia kama wanyama. Yule panya buku walimtafutia mpaka sauti ya ndama wa ngamia, kazi yote hiyo DJ kaifunika na domo lake. Na nyie mnaocheka, paka akiwasuta kwa lafudhi ya Temeke saa sita usiku mngeamini tu.

Kufika Jumatatu wamebaki 9, waliotoka wanataka chao, nikarudisha 68,000. Nikamfuata yule wa library, ananijibu "lakini si ulicheka?" Nina hasira naye mpaka kesho. Mtu anajua unaandikia watu, wanakulipa, halafu anaiita orijino!

Kwenye kibanda cha kuonyeshea muvi, uko na wenzio, DJ mtamu, nimekulia humo, sina ugomvi. Ila HUJAISIKIA KWA SAUTI YAKE USIIANDIKE. Za Kihindi anakata nyimbo ili ipungue urefu, na humo kwenye wimbo ndiko mtu anaposema anachomficha mama yake. Za Kikorea mtu akinyamaza dakika nzima yeye anajaza utani, halafu wewe uje utuambie muigizaji kaitendea haki, sauti yake umeisikia wapi? Bora muvi mbili kwa mwezi zenye maandishi ya chini, utazame mpaka mwisho, kuliko kumi za flashi.

Kwa hiyo hiyo ya Ijumaa ifute. Itafute yenye Kikorea chake, itazame upya, andika tena ndo upandishe, hata ikiwa Ijumaa ya wiki ijayo.